Waya wa Nyumba ya Nyuma

Papa Ngoy alikuwa amesinzia kwenye kiti chake barazani pale harufu ilipomfikia. Haikuwa harufu ya makaa, wala ya takataka ambazo majirani huchoma nyuma ya ua. Ilikuwa ya plastiki inayokaribia kuyeyuka, harufu kavu inayokaa kooni, na mtu aliyefanya kazi reli tangu ujana wake hawezi kuichanganya na nyingine. Akainuka, magoti yakimlalamikia, akaingia sebuleni ambako betri ya umeme wa jua ilikaa juu ya matofali chini ya dirisha.

Aligeuza mkono, akagusa kwa upande wa nyuma wa vidole. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote pale stesheni ya Kamina. Treni ikisimama, yeye hushuka na nyundo yake, anapita gurudumu kwa gurudumu, akigusa vikasha vya ekseli kwa mgongo wa mkono. Kikiwa baridi, anapita. Kikiwa moto, treni haiendi. Wakubwa wapige kelele wapendavyo, haiendi.

Kikasha cha fyuzi kilikuwa moto. Si vuguvugu, moto wa kumfanya mtu avute mkono na kuupuliza. Plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Fyuzi yenyewe, hata hivyo, haikuwa imekatika, kwa sababu ile ndogo ya zamani ilipoanza kukatika mara kwa mara, Ngoy alikwenda sokoni akaleta nyingine kubwa kuliko ile, na mambo yakatulia. Au ndivyo alivyojiambia.

Alijua vizuri ni nini kilichokuwa kinakula umeme. Yeye mwenyewe alikuwa na taa mbili, redio na simu. Lakini kutoka kwenye betri ileile waya wa pili ulipanda ukutani, ukapenya chini ya bati, ukavuka ua ukishikiliwa na mti mmoja uliochimbiwa katikati, mpaka nyumba ndogo ya nyuma. Na katika nyumba ndogo ya nyuma aliishi Naomie, mjane wa mwanawe.

Mwana huyo aliitwa Fils. Ndiye aliyeleta vioo vya jua na kuvipandisha juu ya paa, ndiye aliyetandaza nyaya zote, akiwa amejifunza kazi hiyo kwa kutazama wengine na kujaribu mwenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuingia nyumbani akiwa tayari anasimulia kitu. Msimu mmoja wa mvua alipanda lori kwenda kufunga umeme kwa mteja, na karibu na Kabondo-Dianda, mahali ambapo barabara imekuwa mifereji mitupu, lori likapinduka. Émerence, mama yake, alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo walibaki wawili tu katika lupango, ule ua wa nyumba mbili: mzee, na mke wa marehemu, ambaye hakuwa amepata mtoto.

Matanga yalipokwisha, ndugu za Naomie walikuja kutoka Sanga, kando ya ziwa Kisale. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakafanya yanayofanywa, wakamfungua kifungo cha ujane. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angefungasha vitu vyake na kurudi nao. Hakurudi. Hakusema kwa nini, wala Ngoy hakuuliza.

Asingeweza kuuliza. Kwa Baluba, watu wao, baba mkwe na mke wa mwana hawazoeani. Mmoja haingii alipoketi mwingine, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwingine. Wakati wa Fils heshima hiyo haikuwa mzigo, maana Fils alikuwa akikimbia katikati yao kutwa nzima. "Papa anaomba maji ya moto." "Naomie anauliza kama ile samaki ilikuwa na chumvi mingi." Alipoondoka yeye, maneno yaliondoka naye. Asubuhi Naomie alifagia ua, na akimwona mzee, alikunja magoti kidogo, macho chini, akasema, "Yambo, papa." Ngoy alijibu, "Eyo, mama." Mchana sahani ya ugali wa bukari iliyofunikwa ilikuwa juu ya kigoda karibu na mlango. Jioni sahani ileile ilikuwa imeoshwa na kurudishwa juu ya kigoda. Mazungumzo yao ya siku nzima yalikuwa hayo.

Isitoshe, Ngoy aliogopa. Kumuuliza Naomie neno lolote kuhusu kukaa kwake kungefanana na kumwambia aondoke. Basi alinyamaza, na kila asubuhi aliposikia ufagio uani alipumua.

Kisha siku moja mkokoteni uliingia ukiwa na friza ndogo iliyotumika. Naomie alianza kuuza maji baridi na barafu kwa akina mama wa mtaa wa reli. Ngoy alifurahi kimya kimya, peke yake, kama mtu aliyepata habari njema na hana wa kumwambia. Mtu anayenunua friza, aliwaza, hana mpango wa kuondoka. Kwa hiyo fyuzi ilipoanza kukatika, hakufikiri hata mara moja kwamba friza ndiyo iondolewe. Alikwenda sokoni kutafuta fyuzi kubwa.

Safari hii, lakini, ile rangi ya chai ilimtisha. Akampigia simu mama Likoke.

Mama Likoke alikuwa mke wa askari, mwenyeji wa Équateur, aliyeletwa Kamina na uhamisho wa mumewe na kubaki na watoto kule kambini. Mumewe alipelekwa mashariki, vitani, na simu zake zilikuja kwa nadra. Yeye alijifunza kufunga umeme wa jua palepale kambini, na sasa alizunguka mji mzima na baiskeli na mfuko wa vyombo mgongoni.

"Papa, ile fusible, ile fyuzi, iko moto namna gani?" aliuliza. "Mukono inaweza kubaki pale juu?"

"Hapana. Inachoma."

"Basi sikia. Toa fusible sasa hivi. Sasa hivi, papa, mbele ya kuweka simu chini. Usirudishe kitu. Kesho nakuja, nikimaliza kazi ya ku cathédrale."

"Sawa," alisema Ngoy.

Aliweka simu chini. Alisimama mbele ya betri muda mrefu, vidole vikiwa karibu na kile kikasha. Akiitoa, friza itazima. Barafu itayeyuka. Naomie atatoka na kuja kusimama pale uani, macho chini, na yeye atalazimika kusema kitu. Au hatatoka kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Atakaa kule ndani na friza yake iliyozimwa, akijiambia: sasa mzee amekata, amenipa jibu.

Hakuitoa. Mtu aliyezuia treni nzima kwa ajili ya kikasha kimoja cha moto, alirudi barazani akakaa.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, alikuwa akinyoa ndevu kwa kioo kidogo alichokipachika dirishani. Katika kioo, nyuma ya shavu lake lenye povu, aliona moshi. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukitoka chini ya bati la nyumba ya nyuma, pale hasa waya ulipoingia.

Hakupiga kelele. Mwili wake ulijua cha kufanya kabla yake. Alikimbilia kwenye betri. Kikasha cha fyuzi kilikuwa kimelegea kama nta na hakikushikika, akajaribu na kikamchoma vidole viwili. Akachukua koleo, akalegeza kishikizo cha betri chenyewe, akaung'oa waya mnene na kuutupa mbali. Redio ikanyamaza katikati ya wimbo. Kisha akatoka nje, povu usoni, akavuka ua.

Mlango wa nyumba ndogo ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Mbele ya pazia lile mguu wake ulisimama wenyewe. Tangu Fils aoe, hakuwahi kukanyaga pale. Akasikia ndani maji yakimiminwa. Naomie alikuwa akijaza vifuko vyake, hajui lolote, na juu ya kichwa chake magunia yaliyoshonwa kuwa dari yalikuwa yameanza kulia kwa moto.

"Naomie!" akaita. "Naomie, toka!"

Maji yakaacha kumiminwa. Labda ni jina lake lililomshtua, si sauti. Ngoy akasukuma pazia, akaingia, akakamata ufagio na kuanza kuyashusha yale magunia. Cheche zikawamwagikia. Naomie alitazama juu mara moja tu, akainua karai lake lote la maji, akalitupa darini, nusu ikamwagika kwa mzee. Magunia yakaanguka chini yakifuka, wakayakanyaga wote wawili, Naomie kwa viatu vya plastiki, mzee kwa miguu mitupu, mpaka moshi ukageuka mvuke.

Kitanda cha Fils kilikuwa pale, kimetandikwa. Koti lake la mvua lilining'inia kwenye msumari. Ngoy aliviona vyote viwili, akatoka haraka.

Mama Likoke aliwakuta wamekaa nje, kila mmoja kwenye ukingo wake wa kivuli kimoja, wamelowa, weusi kwa masizi, hawajui macho wayaweke wapi. Aliegemeza baiskeli ukutani. Alimtazama mzee, akatazama povu lililomkaukia shavuni, akatazama bati.

"Haukutoa fusible," alisema.

"Sikutoa."

Mama Likoke alifungua mfuko wake, akaanza kazi. Ngoy alimfuata, na baada ya muda Naomie naye akasogea, akasimama kizingitini mwa nyumba kubwa, upande wa nje.

Fundi alianza kwenye kikasha kilichoyeyuka. Akakikata, akakigeuzageuza kiganjani. "Angalia hapa. Ile vis, ile skrubu, haikukazwa muzuri, waya inacheza ndani. Pahali waya inacheza, moto inazaliwa. Ona shaba namna imekuwa nyeusi upande huu, na upande ule ingali inang'aa. Moto haikutoka ndani ya fusible. Ilitoka hapa, pahali waya na vis inakutana." Kisha akaichukua ile fyuzi kubwa kwa ncha za vidole. "Na hii, ni nani aliweka?"

"Minyi," Ngoy alisema, akijigusa kifua. "Ile kadogo ilikuwa inakatika kila mara."

"Ilikuwa inakatika juu ilikuwa inakuita, papa. Fusible haiko ya kulinda friza. Iko ya kulinda waya. Waya hii iko ndogo, weye unaweka fusible kubwa kuipita. Sasa ni nini itaungua ya kwanza? Waya. Waya njo ilikuwa fusible yako."

Ngoy alitikisa kichwa polepole. Hakuna alichoambiwa ambacho mikono yake haikuwa inakijua.

Fundi akaweka ngazi, akafuata waya chini ya bati, akiupapasa, akiupima, akiukata kipande kwa kipande. Kwenye nyumba ya nyuma alipanda juu ya kiti, akaingiza mkono pale penye tundu jeusi, akashuka na kitu kidogo kilichoungua: nyaya mbili zilizopindwa pamoja, zimekuwa ngumu na kuvunjika kama kijiti, na mabaki ya utepe wa scotch yaliyoganda juu yake.

"Hapa njo ilianzia. Nani alifanya hii kazi?"

Kuku wa jirani alikuwa akiparua kwenye maji yaliyomwagika.

"Fils," Naomie alisema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Bwana yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa uani pale tangu matanga. Ngoy aliliona kama limempiga kifuani, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa hasira.

"Mutoto yangu alikuwa fundi! Watu ya mutaa yote walikuwa wanamuita. Wewe unakuja na vyombo yako unasema ni yeye alichoma nyumba?"

Mama Likoke hakupandisha sauti. Alikaa juu ya ngazi yake, kile kipande mkononi.

"Papa, sisemi hakukuwa fundi. Hii waya aliiweka kwa taa moja tu, na kwa taa moja ilitosha. Friza haikukuwa. Lakini sitakudanganya: kupindapinda tu na scotch haiko muzuri, hata kwa taa moja. Ni kazi ya mutu anayejifunza. Minyi pia nilianza vile. Angalibaki, angalirudia yeye mwenyewe, angalicheka."

Ngoy aligeuka, akatembea mpaka mwisho wa ua, akasimama akitazama njia ya reli iliyopita ng'ambo ya nyumba, majani yameota kati ya mataruma. Alisimama vile mpaka mabega yakatulia. Aliporudi, alinyoosha kiganja, na mama Likoke akampa kile kipande. Alikitazama. Alijua jinsi Fils alivyokuwa akipinda waya, kwa meno, ulimi ukichungulia pembeni, tangu mtoto, akitengeneza magari ya mabati.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza.

"Ile convertisseur, ile ya kugeuza umeme, iko kule kwa friza, mbali sana na betri. Umeme inasafiri waya murefu na mwembamba, inafika imechoka, na friza inavuta nguvu zaidi juu ya kupata yake. Njo ile inachemsha yote. Nitaleta convertisseur hapa karibu na betri, waya kubwa na mufupi, fusible yake ya kipimo. Kutoka pale câble nzuri, ile waya nzito ya nyumba, itaenda kule nyuma, bila kiungo katikati. Ningalikuja na yote kama ungaliniambia kwa simu kama kuko friza. Juu ya nini haukuniambia?"

Ngoy alijua Naomie yuko nyuma yake.

"Ungalisema nikate," alisema.

"Na kama ningalisema?"

"Angaliwaza namufukuza."

Mama Likoke akasema anakwenda kutafuta câble, akachukua baiskeli yake na kutoka, ingawa msokoto mzima wa câble ulikuwa kwenye mfuko alioacha pale chini.

Wakabaki wawili. Naomie ndiye aliyeanza, akiwa amesimama kando, uso ameuelekeza kwenye ukuta, kama heshima inavyotaka.

"Papa, taa yangu ilianza kufifia tangu zamani. Na ile kiungo nilikuwa naisikia, inalia juu ya kichwa."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilisema moyoni kama nikilalamika, papa atakata. Nilikuwa nawasha taa, nikiona inawaka, nasema: papa bado hawajachoka na minyi."

Ngoy aliketi kwenye kigoda cha sahani bila kukusudia. "Bado hawajachoka," alirudia.

"Hamukusema kitu tangu matanga. Hata kaa, hata enda. Minyi nilibaki juu yenu. Fils alikuwa anasema papa hawezi kula peke yake, anaweza kusahau siku mbili. Nilisema nitabaki kidogo, mupaka papa apate nguvu. Kisha sikujua tena kama ninawasaidia ao ninawachosha."

Mzee alisikiliza akitazama vidole vyake vilivyoungua. Kumbe muda wote ule, ukuta kwa ukuta, kila mmoja alikuwa amekaa akingoja hukumu ya mwenzake. Angeweza kucheka kama kungekuwa na mtu wa tatu wa kuanza.

"Na weye," aliuliza, na kauli yake ilikuwa nzito kwa kukosa mazoezi, "kama si minyi, ungalitaka nini?"

Naomie akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa umri wake.

"Kurudia kwetu, papa. Ku Sanga samaki inaoza juu ya kukosa barafu. Mama yangu anakausha kwa moshi mupaka macho inamuuma. Nilinunua friza nikiwaza ile. Kisha nikaogopa kuwaacha."

Kwa hiyo friza aliyoifurahia ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya kuondoka. Ngoy aliona jambo hilo likiingia ndani yake taratibu. Angeweza kunyamaza tena. Akinyamaza, atabaki, alijua atabaki, na ataendelea kuweka sahani juu ya kigoda mpaka uzee umkute naye pale.

Mama Likoke aliporudi mikono mitupu, mzee alikuwa amesimama akimngoja.

"Vioo viko viwili juu ya paa," alimwambia. "Kimoja kinaweza kufanya kazi ya friza yake peke yake?"

Fundi alimtazama yeye, akamtazama Naomie. "Na betri yake, inaweza. Barafu itakuwa kidogo wakati ya mvua, lakini inaweza."

"Basi vigawanye, aende na kimoja. Taa zangu mbili hazina haja ya vyote. Na umufundishe mbele ya kuenda. Kukaza vis, kugusa waya, kuchagua fusible. Kila kitu. Asipinde kitu na scotch."

Ilichukua majuma kadhaa kutafuta betri ya pili. Mama Likoke alikuja mara nyingi, akimfundisha Naomie uani, na Ngoy alisikiliza kutoka barazani. Sasa walikuwa wakiongea kidogo, baba mkwe na mkwe, kila mmoja kwa upande wake, bila kutazamana. Aliuliza habari za ziwa, ambalo hakuwahi kuliona. Alimweleza Naomie jinsi Fils, alipokuwa mdogo, alivyotaka kupanda treni ya mizigo peke yake mpaka Bukama kuona maji. Siku nyingine Naomie alimwambia tu, kutoka uani, kwamba kivuli kimemwacha. Simu ya mama Likoke ilipolia, wote watatu walingoja habari za mumewe. Mara nyingi ilikuwa mteja tu, na yeye aliirudisha mfukoni.

Siku ya kushusha kioo Ngoy alishikilia ngazi. Boliti zilikuwa zimekazwa na Fils, na hizo zilikuwa zimekazwa vizuri; mama Likoke alihangaika nazo mpaka jasho likamtoka, akasema kutoka juu, "Hii alikaza, papa! Hii hata mvua ya mwaka kumi haiwezi." Ngoy aliendelea kushika ngazi.

Lori la Bukama lilikuwa likipakia karibu na soko. Friza na betri vilikwenda kwa mkokoteni. Kioo, kilichofungwa ndani ya blanketi la Émerence, Ngoy alikichukua mwenyewe juu ya baiskeli, akiisukuma taratibu, asimruhusu mtu mwingine kukigusa. Alisimamia kipakiwe wima, pembeni, mahali magunia yasingeweza kukilalia. Akamgombeza mpakiaji. Kisha hakukuwa na la kusimamia tena.

Alitoa mfukoni karatasi ndogo. Ndani yake kulikuwa na pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wake walimpaka mtu anayesafiri kwa heri. Mchungaji wake asingependa. Alichovya kidole, akasita, kisha akashika mkono wa mke wa mwanawe, mkono ambao hakuwahi kuugusa, akaupaka mstari mmoja, na mwingine kwenye mkono wa pili.

"Ukipata bwana huko," alisema, "usikatae juu yetu. Umeshakuwa mutoto yangu. Mutoto akiolewa, baba hafi, anabaki baba yake."

Naomie alilia bila sauti, kichwa chini. Alipanda juu ya mizigo, akakaa na mgongo kwenye kioo chake. Lori likanguruma, likasimama, likanguruma tena, likaondoka na vumbi lake lote.

Ngoy alirudi kwa njia ya reli, akisukuma baiskeli tupu. Nyumbani ua ulikuwa umefagiwa. Naomie alikuwa ameufagia kabla ya kuondoka. Aliketi. Upande wa nyuma mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, mzito kuliko ufunguo unavyopaswa kuwa. Mama Likoke alipita jioni kusalimu, akakataa kiti, akasema watoto wanamngoja. Halafu akakaa hata hivyo, kwenye ukingo wa baraza, na wakatazama njia pamoja.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Papa, nimefika Bukama. Tunangojea baleinière, ile boti ya kushuka na muto. Kioo iko muzima."

"Vidye Mungu atukuzwe. Umekula?"

"Nimekula. Na nyinyi?"

"Nimekula," alisema Ngoy, ingawa haikuwa kweli.

Nyuma ya sauti yake alisikia watu wakiitana, na injini moja ikijaribu kuwaka. Alidhani mazungumzo yameisha. Kisha Naomie akasema, kwa sauti nyingine:

"Nilipita pale, papa."

Hakuhitaji kuuliza wapi. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yake aliyekuwa amepita barabara ile. Kwenye mawazo yake lori la Fils lilikuwa bado limelala ubavu, magurudumu hewani.

"Kuko nini?"

"Hakuna kitu. Majani tu. Imekuwa murefu, inafunika mufereji yote. Chauffeur alipunguza mwendo juu nilimuomba. Nilisalimia kwa jina yenu na yangu."

Ngoy alishika simu kwa mikono miwili.

"Wafwako, mama," alimshukuru katika Kiluba chake. "Wafwako sana."

Alitaka kuongeza kitu, lakini mtandao ulikuwa umeshapotea, na aliposema "allô" hapakuwa na mtu. Aliweka simu juu ya goti. Majani, basi. Alijaribu kuyaona, marefu, yakilala kwa upepo kando ya barabara, na safari hii akayaona. Jua likasogea, likamfikia miguuni, likapanda magotini. Baada ya muda aliinuka mwenyewe akaingia ndani, maana hakukuwa na wa kumwambia kwamba kivuli kimemwacha.